Wajuzi wa ndege: huyu wa manjano kwenye vichaka vya kinyungu, Mufindi, ni nani?

Kinyungu_Juu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa kumtambua ndege huyu. Naweka picha nne na maelezo yote niliyonayo.

Mahali: bonde la vinyungu (bustani za mabondeni) pembezoni mwa mashamba ya chai, Mufindi, kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Chini maji yametuama, juu kuna majimbi, mabingobingo na vichaka vya kufika kifuani mwa mtu. Mafunjo hakuna. Msitu wa asili uko kama nusu kilomita.

Tarehe na saa: 24 Machi, kuanzia saa 1:10 asubuhi mpaka saa 2 na dakika kidogo.

Umbo: mkubwa kidogo kuliko kinengenenge. Chini ni manjano tupu tangu kidevuni hadi chini ya mkia. Mgongo ni kahawia yenye ukijani kwa mbali. Kichwa kina giza kuliko mgongo, hasa picha ya 1 na ya 2. Mdomo wa juu mweusi, wa chini una rangi ya nyama. Picha ya 4 inaonyesha kama ana nyusi, nyingine hazionyeshi.

Tabia: anapanda juu ya bua la jimbi, anaimba sekunde chache, anazama. Mara mbili aliruka hewani, akadaka mdudu na kurudi palepale.

Programu ya simu, kwa picha ya 4, imesema Hippolais icterina. Kwa picha ya 1 imekataa kutoa jibu. Wenyeji wanasema ni mnana tu. Picha ya 1 hadi ya 3 zina ndege kwenye majimbi, ya 4 yuko kwenye tawi la mti mdogo juu ya kichaka hichohicho.

Chaukucha

Mnana jike. Funga uzi.

MamaShoro

Usiufunge bado, mkuu. Tuanze na mdomo kabla ya rangi, maana manjano kila ndege anayo.

Mnana ana mdomo wa kabari: mnene kwenye shina, unachongoka kwa mstari ulionyooka, umeumbwa kupasulia mbegu. Chiriku naye ni hivyo, ila wake ni mfupi zaidi. Sasa fungua picha ya 2 uikuze. Ndege kaielekea kamera, na mdomo wake ni mpana na bapa, kana kwamba umebanwa juu na chini kwa vidole viwili. Rudi picha ya 3, kakaa ubavu: mdomo uleule unaonekana mwembamba. Mpana ukiutazama kwa mbele, mwembamba ukiutazama kwa ubavu: huo ni mdomo wa kudakia wadudu. Pembeni ya midomo kuna pia vijinywele vigumu vinavyojitokeza kwenye mwanga.

Anayewapoteza watu nyanda za juu ni Ploceus baglafecht, mnana mwenye manjano chini na giza kichwani. Jicho lake ni la manjano iliyopauka, linakukodolea. Huyu jicho ni jeusi tupu. Mnana ametoka kwenye mashindano.

Darubini_8x42

Naendelea pale alipoishia Mama. Kwa bonde la namna hii, mwezi Machi, wa manjano wenye mdomo wa kudakia wadudu ni wanne:

1. Iduna natalensis. Mkazi wa mwaka mzima. Makazi yake ndiyo hayo hasa: vichaka vya mabonde yenye unyevu, majimbi, kingo za matete, mitaro ya mashamba ya chai iliyoota magugu. Sentimita 14 hivi. Mgongo kahawia ya zeituni, utosi una giza kuliko mgongo, hana nyusi ya maana.

2. Iduna similis. Naye mkazi, lakini wa milimani zaidi, kingo za msitu na mianzi. Mgongo na kichwa ni kijani cha zeituni, rangi moja bila kofia.

3. Hippolais icterina. Mgeni kutoka Ulaya. Hupita kwetu kati ya Oktoba na Novemba akielekea kusini, na kati ya Machi na Aprili akirudi. Tarehe yako haimtoi.

4. Phylloscopus trochilus. Mgeni pia, yuko kila mahali tangu mwishoni mwa Septemba hadi Aprili. Sentimita 11, mwepesi, hatulii.

Ingekuwa Julai, namba 3 na 4 tungezifuta bila kutazama picha. Machi hairuhusu hilo, kwa hiyo twende kwenye bawa.

Bawa likikunjwa, manyoya marefu ya safari huchungulia nyuma ya yale manyoya matatu ya ndani yanayolifunika. Pima kwa macho kipande kinachochungulia, ulinganishe na urefu unaoonekana wa yale ya ndani. Ndege anayevuka Sahara mara mbili kwa mwaka anahitaji bawa refu: kwa icterina kipande hicho kinakaribia kulingana na manyoya ya ndani. Mkazi wa kichakani hana safari, bawa lake ni fupi na la mviringo. Kwa natalensis kipande hicho hakifiki nusu.

Mleta mada, tupe vipimo vya bawa kwa kila picha peke yake. Usichanganye.

Kinyungu_Juu

Nimepima kwa rula kwenye skrini, picha zikiwa zimekuzwa:

Picha ya 1: bawa limefunikwa na jani, sioni.
Picha ya 2: amenitazama, haipimiki.
Picha ya 3: ya ndani 31 mm, kinachochungulia 12 mm.
Picha ya 4: ya ndani 26 mm, kinachochungulia 22 mm.

Ya 3 na ya 4 hazipatani. Nimerudia mara tatu.

Chaukucha

Basi programu ilisema kweli, bawa refu ni icterina. Ile ya 3 pembe ya kamera imekudanganya.

Bonde_la_Rungwe

Nina wasiwasi na upande mwingine. Mgongo kwenye picha ya 1 mimi naona kijani, siyo kahawia. Mita 1,850 ni mwinuko ambao similis anapatikana, na msitu upo nusu kilomita. Kwa nini mnakimbilia natalensis?

FundiLenzi

Swali zuri. Kijani cha picha ya 1 kisikupeleke mbali. Ndege yuko ndani ya majimbi, mwanga unaomfikia umeshapita kwenye majani na kugonga majani. Kamera ikijirekebisha rangi yenyewe, kahawia ya zeituni inatoka kijani. Angalia bua kavu lililo kando yake: bua la jimbi lililokauka ni kahawia nyekundu, hapo limetoka na ukijani uleule. Rekebisha picha mpaka bua lirudi rangi yake halisi, halafu ndiyo uutazame mgongo. Nimeifanyia hivyo picha uliyoweka: mgongo unarudi kahawia, na kofia inabaki nyeusi kuliko mgongo. Tofauti ya giza kati ya utosi na mgongo haiondoki kwa kubadilisha rangi, ndiyo maana ni ushahidi wenye nguvu kuliko rangi yenyewe. Similis angekuwa sawasawa tangu kipaji hadi kiunoni.

Kwa mtakaopiga ndege wa manjano baadaye: punguza mwangaza kwa -0.7, na jua likiwa kali -1. Manjano huungua mapema, na ikiungua kidari chote kinakuwa bapa, hujui kama kilikuwa na kivuli cha rangi ya chungwa au hapana. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/800, kwa sababu bua analokalia linayumba hata kama yeye katulia. Hifadhi faili ghafi. Kwenye faili iliyobanwa tayari rangi imeshaamuliwa, huna pa kurudi.

MamaShoro

Naongeza juu ya mwinuko, Bonde_la_Rungwe. Mita 1,850 haimtoi yeyote kati yao, wanakutana hapo. Kinachowatenga ni mmea kuliko mita. Similis hukaa kwenye kivuli cha ukingo wa msitu na mianzi, akitoka ni kwenye magugu marefu yaliyoshikana na msitu. Bonde lililo wazi, lenye maji chini na majimbi juu, katikati ya chai, ni nyumba ya natalensis. Lakini hiyo ni dalili ya kukuelekeza tu, usiiandike kama uthibitisho. Ndege hawasomi ramani zetu.

Yala_Mafunjo

Salamu kutoka Kisumu. Watu wa ziwa wakisoma uzi huu watauliza kuhusu yule wa tatu wa kundi la natalensis na similis, kwa hivyo nimtaje mapema: Calamonastides gracilirostris. Huyo ni wa mafunjo peke yake: Yala huku kwetu, kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi. Mdomo wake ni mwembamba kuliko wa natalensis, miguu ina giza na vidole vikubwa vya kushikia bua la funjo. Bonde lisilo na funjo hata moja halimhusu. Zamani wote watatu waliwekwa kwenye jenasi moja, Chloropeta, wakadhaniwa karibu na ndege wanaodaka wadudu hewani kwa sababu ya ule mdomo bapa. Uchunguzi wa DNA uliotoka mwaka 2009 uliwapanga upya, wawili wakaenda Iduna na wa mafunjo akawekwa peke yake kwenye Calamonastides. Ukikuta orodha ya zamani imeandika Chloropeta natalensis, ni huyuhuyu.

Huyo wa mafunjo ameorodheshwa kuwa hatarini kwa sababu mafunjo yanakatwa na kuchomwa. Kwa hivyo ukiona wa manjano ndani ya mafunjo kando ya Ziwa Viktoria, usiandike natalensis kwa mazoea. Natalensis hukaa ukingoni, kwenye vichaka vya nyuma ya mafunjo.

Bonde_la_Rungwe

Nimeelewa hoja ya bua kavu. Naondoa similis kwenye picha ya 1. Lakini bado hatujajibu vipimo vya bawa. 12 kwa 31 na 22 kwa 26 siyo makosa ya rula.

Darubini_8x42

Si makosa ya rula, na si pembe ya kamera pia. Pembe inafupisha vipande vyote viwili kwa pamoja, haiwezi kurefusha kimoja mara mbili. 12 kwa 31 ni chini ya nne ya kumi. 22 kwa 26 ni zaidi ya nane ya kumi. Bawa moja haliwezi kutoa majibu hayo mawili.

Mleta mada, fungua taarifa za faili. Picha ya 3 ilipigwa saa ngapi, na ya 4 saa ngapi? Halafu kuza picha ya 4 utujibu mambo manne, bila kutazama zile nyingine:

a) Kuna mstari wa giza unaopita ndani ya jicho, kutoka mdomoni kwenda nyuma?
b) Mdomo ni mnene au kama sindano?
c) Miguu ni rangi gani?
d) Utosi una giza kuliko mgongo?

Kinyungu_Juu

Picha ya 1: saa 1:14. Ya 2: saa 1:15. Ya 3: saa 1:15. Ya 4: saa 1:52.

a) Ndiyo, upo mstari mwembamba wa giza, na juu yake nyusi iliyopauka inayopita nyuma ya jicho.
b) Kama sindano. Sasa nikiulinganisha na wa picha ya 3, ni nusu ya unene.
c) Kahawia iliyofifia.
d) Hapana, rangi moja.

Na manjano yake, nikitazama vizuri, iko kooni na kidarini tu. Tumbo ni jeupe lililopakwa manjano kidogo.

Darubini_8x42

Ndege wawili. Zimepita dakika 37 kati ya picha ya 3 na ya 4, na kichaka kina wapangaji wengi.

Picha ya 4 ni Phylloscopus trochilus, na hata icterina siye. Watu wengi hukosea hapa, programu nazo hukosea, kwa hiyo nieleze. Wote wawili wana bawa refu, wote wana manjano, wote ni wageni. Icterina uso wake ni mtupu: kati ya jicho na mdomo hakuna mstari wa giza. Mdomo wake ni mpana, wa chini una rangi ya chungwa, na miguu ni kijivu yenye ubuluu. Trochilus ana mstari kwenye jicho, mdomo wa sindano, miguu ya kahawia iliyofifia. Kuna na bawa lenyewe: icterina hubadilisha manyoya yote akiwa Afrika, kwa hiyo mwishoni mwa Machi manyoya ni mapya, na kingo zilizopauka za manyoya ya ndani hufanya kijibao cheupe kinachoonekana kwenye bawa lililokunjwa. Picha ya 4 haina kijibao.

Na alipokaa: trochilus hupenda matawi ya juu, anahama tawi hadi tawi akiokota wadudu chini ya majani. Wa majimbi hakai hivyo. Anashika bua lililosimama, mguu mmoja juu mmoja chini, na akishtuka anasimamisha manyoya ya utosi kama kishungi kifupi. Utosi wa picha ya 2 umesimama, ndiyo maana kichwa kimeonekana kikubwa.

Chaukucha

Nimekubali kushindwa, mnana na icterina nawafuta. Swali la kweli sasa: sisi tusio na lenzi kubwa tutamtambuaje bondeni kwa darubini tu? Ndani ya majimbi haonekani kwa zaidi ya sekunde mbili.

MamaShoro

Usimfuate ndani, dada au kaka. Ukiingia kichakani unamnyamazisha, na mwezi Machi mvua bado ipo, kiota kinaweza kuwa kwenye panda ya kichaka au magugu chini ya mita 2, kikombe cha nyasi kilichofungwa kwenye mabua chenye mayai 2 au 3. Hukioni mpaka umekitingisha.

Simama ukingoni, mita 10 hadi 15, jua likiwa mgongoni kwako. Chagua mabua matatu au manne yaliyopanda juu ya mengine, uyaelekezee darubini na ungoje. Anaimba juu ya bua lilelile akirudia, hasa kati ya saa 12:30 na saa 2:30 asubuhi. Jua likipanda huwa kimya na hushuka. Akitokea, sekunde ya kwanza tazama mdomo, ya pili tazama utosi dhidi ya mgongo. Manjano utaiona tu, haihitaji sekunde yake.

Sauti itakusaidia zaidi. Natalensis huanza na mikato mikavu, chip-chip, kisha anamwaga mfululizo wa haraka, chiri-chiri-chiri, na kukata. Kipande ni kifupi, anakirudia karibu vilevile. Similis ana wimbo mtamu zaidi na mrefu, wenye miluzi na mitetemo inayobadilikabadilika. Trochilus mwezi Machi hushuka ngazi: miluzi myepesi inayoteremka na kufifia mwishoni. Mlio wake wa kuitana ni hu-wit, unapanda.

FundiLenzi

Kuhusu kurekodi kwa simu: badilisha mpangilio wa kinasa sauti uwe WAV, maana faili zinazobanwa hula zile sauti kali za juu, nazo ndizo zinazotenganisha chip ya ndege mmoja na ya mwingine. Zima kipunguza kelele, kinamhesabu ndege kuwa kelele. Nyamaza kabisa kwa sekunde 30 hadi 60, ndipo mwishoni utaje mahali, tarehe, saa na ulichokiona. Na sogea. Ukipunguza umbali kwa nusu unapata kama desibeli 6 zaidi, wakati kuongeza sauti nyumbani kwenye kompyuta kunaongeza na kelele za maji ya mtaro.

Kumchezea sauti yake ili atoke, mimi sishauri msimu huu. Atatoka kweli, lakini atatoka akidhani kuna dume jingine, na ataacha kazi yake ya kulisha ili apigane na spika.

Yala_Mafunjo

Jambo moja kuhusu makinda, kabla hamjaanza kuletewa picha za Aprili na Mei. Kinda la natalensis lililotoka kiotani halina manjano safi. Lina rangi ya udongo yenye uchungwa, kingo za mabawa pia, na kofia haijaonekana vizuri. Watu hulipa majina ya ajabu. Mdomo bapa na bawa fupi tayari linavyo, tumieni hivyo.

Bonde_la_Rungwe

Nimeridhika. Picha ya 1 hadi ya 3 natalensis, ya 4 trochilus. Mleta mada, ukiipeleka eBird (hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege) au atlasi ya ndege wa Tanzania usiandike tu "manjano, kichwa giza", mhakiki ataikataa. Andika: mdomo mpana na bapa, mdomo wa chini rangi ya nyama, utosi wenye giza kuliko mgongo, hana nyusi, bawa fupi (12 kwa 31), kwenye majimbi juu ya maji, akiimba.

Kinyungu_Juu

Shukrani wakuu. Nimeshatenganisha picha: tatu nimeziweka kwa Iduna natalensis na hayo maelezo, ya 4 nimeihamishia kwa Phylloscopus trochilus ikiwa na saa yake. Kwenye idadi ya natalensis niweke 1 au 3?

Darubini_8x42

Weka 1. Dakika moja, bua moja, mdomo mmoja. Kama kuna siku utasikia wawili wanaimba kwa kupokezana kutoka pande mbili za mtaro, hapo ndipo utaandika 2.